Mapacha ndani ya Mapacha

Wasomaji wangu, kimya changu hapa si uvivu. Jioni zangu zimeliwa na programu isiyo na mteja wala malipo: inakokotoa ni saa ngapi nyota mbili, zilizo miaka-nuru 51 kutoka hapa Kisii, zitazibana mwanga.

Usiku wa Januari tazama upande wa kaskazini, juu kiasi, uitafute Castor katika kundi la Mapacha. Kwa macho ni nyota moja. Kumbe ni sita, zinazozungukana mbili mbili. Jozi iliyojitenga na wenzake inaitwa YY Geminorum.

Hizo mbili ni nyota ndogo nyekundu, zinazofanana kama mayai. Kila moja ina asilimia 60 hivi ya uzito wa Jua, na joto la usoni la nyuzi 3,500 hivi za Selsiasi. Jua lina 5,500. Zimeachana kwa kilomita milioni 2.7 tu (sisi na Jua ni milioni 150!) na zinamaliza mzunguko kwa saa 19 na dakika 33. Umri wake ni kama miaka milioni 370. Kwa nyota za aina hii, huo bado ni utoto.

Bahati yetu ni kwamba tunazitazama kwa ubavu, kwa hiyo kila baada ya saa 9 na dakika 46 moja hupita mbele ya nyingine. Kupatwa huku kumejulikana tangu 1926, na ndiko kunakotuwezesha kupima unene wa nyota bila kubahatisha.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Mwaka 2002 Torres na Ribas walionyesha kwamba nyota hizi ni nene kuliko hesabu za kompyuta zinavyotaka, kwa asilimia 10 au zaidi. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo: data iko sawa, modeli ndiyo inayodanganya. Mshukiwa mkuu ni sumaku. Kwa kukaribiana hivyo nyota hujizungusha haraka, sumaku inapata nguvu, madoa yanatanda, joto linakosa njia ya kutoka, nyota inavimba.

Si jambo dogo. Sayari nyingi za mbali hupimwa kwa kulinganishwa na nyota yake. Ukikosea unene wa nyota kwa asilimia 10, ujazo wa sayari unakosewa kwa karibu theluthi, na jiwe linaweza kuonekana gesi.

Mimi hupendelea kutazamia Nyamira, mbali na taa za mji, kwa darubini ndogo. Kupatwa kukitokea saa nne usiku, baada ya siku mbili kutarudi saa nne na dakika 51. Huchukua kama saa mbili tangu mwanga uanze kufifia hadi urudi. Mawingu ya huku nayo hayana ratiba. Masika yakianza Machi, nitabaki na programu tu.