Safari ya Nagasaki, Mji wa Waliokanyaga na Waliosimama

Msomaji mpenzi, leo nakuomba ufunge safari pamoja nami mpaka mbali sana, mpaka Nagasaki, bandari ya kusini-magharibi ya nchi ya Japani. Nauli usiiogope; utasafiri ukiwa umeketi barazani kwako.

Mji huu umebanwa kati ya milima na ghuba nyembamba ya bahari. Nyumba zimepanda vilimani kama ngazi. Karibu na stesheni ya gari la moshi kuna kilima kidogo kiitwacho Nishizaka, na tuanze hapo. Tazama ukuta ule mrefu na sanamu 26 za shaba zilizosimama safu moja. Miguu yao haigusi chini. Hao ndio Mashahidi waliosulibiwa hapa tarehe 5 Februari 1597 kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi: Wafransisko sita kutoka ng'ambo, Wajesuiti watatu wa Kijapani, na wengine 17, wote Wajapani, walei kama wewe. Walitembezwa toka mji wa Kyoto wakati wa baridi kali, mwendo wa karibu mwezi mzima, na kila mmoja alikuwa amekatwa kipande cha sikio la kushoto.

Hesabu sanamu zile, utaona tatu ni fupi. Ni za watoto. Luis Ibaraki alikuwa na miaka 12 tu. Toma Kozaki, kijana wa miaka 14, alikwenda kufa pamoja na baba yake. Njiani alimwandikia mama yake barua ya kumwaga, akamsihi awatunze wadogo zake wasije wakapoteza imani. Barua hiyo ilikutwa katika nguo za baba yake, imelowa damu. Mtoto wa umri huo, na shauri lake la mwisho ni juu ya roho za ndugu zake!

Papa Pio wa Tisa aliwatangaza Watakatifu mwaka 1862. Lakini ukiniuliza mimi, vita vikali zaidi havikupiganwa juu ya kilima hiki. Shetani anajua kwamba damu ya shahidi huwatia wengine moyo. Basi akabadili silaha.

Mwaka 1614 dini ilipigwa marufuku nchi nzima. Mapadre walifukuzwa, waliojificha wakawindwa, na wa mwisho, Padre Konishi Mansho, aliuawa mwaka 1644. Kisha likaja bamba la shaba. Lilikuwa dogo, lina picha ya Bwana wetu au ya Bikira Maria, nalo liliwekwa chini. Kila mwaka, siku za mwaka mpya, watu wa Nagasaki waliitwa mmoja mmoja, mzee na mtoto, walikanyage kwa mguu mtupu. Ni hatua moja tu. Ukiikataa, kuna gereza, mateso na kifo. Ukikubali, unarudi nyumbani kula na wanao.

Sitakuficha: wengi walikanyaga. Walirudi nyumbani, wakafunga mlango, wakapiga magoti kusali sala ya majuto wakilia. Walikuwa na kitabu kidogo juu ya majuto kamili, wakakinakili kwa mkono, baba akamwachia mwana. Sisemi walifanya vema kukanyaga. Lakini sipendi pia kumsikia mtu aliyeshiba akiwacheka. Mkristu aliyeanguka asubuhi akajuta jioni, na mwaka uliofuata akaanza tena, huyo hajamwachia Shetani nyumba yake.

Nanyi baba na mama mnaosoma haya katika kigango kinachomwona padre mara chache, ninyi mtaelewa upesi mambo yao. Vijijini waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mmoja alibatiza watoto, mmoja alipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Sanamu ya Bikira Maria ilifanana na ile ya Kannon, ambayo Wabuddha huiheshimu, ili mgeni asishtuke. Sala zilifundishwa kwa sauti ya chini, usiku, na maneno mengine ya Kilatini na Kireno yalipotoka kidogo kinywani mwa wajukuu. Miaka zaidi ya 200 bila Misa!

Sasa twende upande wa Oura, kwenye kanisa lililojengwa na mapadre Wafaransa kwa ajili ya wageni wa ng'ambo. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha watu wa kijiji cha Urakami walifika mlangoni. Padre Petitjean aliwafungulia, akapiga magoti kusali. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni moja na moyo wake, kisha akauliza sanamu ya Maria Mtakatifu iko wapi. Walipoiona walifurahi mno. Wakamwambia padre kwamba wao wamo katika siku za huzuni. Kumbe! Ilikuwa Kwaresima kweli, na hesabu yao haikupotea. Sanamu ile ingali Oura mpaka leo.

Usidhani taabu iliisha hapo. Mwaka 1867 watu wa Urakami walikamatwa na kuteswa. Karibu wote wa kundi la kwanza walishindwa, wakaikana imani. Takagi Sen'emon hakushindwa. Aliporudi kijijini, wenzake waliona haya, wakaenda tena kwa wakuu kusema kwamba wameyafuta maneno yao ya kukana. Hilo nalo linataka moyo mkuu! Baadaye watu zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu, wakatawanywa sehemu nyingi za nchi. Zaidi ya 600 walifia huko. Marufuku iliondolewa mwaka 1873, na waliobaki wakarudi.

Walirudi maskini kabisa, wakaanza kununua kiwanja. Unadhani walichagua kiwanja gani? Kile cha nyumba ya mkuu wa kijiji, mahali babu zao walipoitwa kila mwaka kulikanyaga bamba. Hapo walijenga kanisa kubwa la matofali, likamalizika mwaka 1914.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lilipasuka karibu nusu kilomita tu kutoka kanisani. Ndani mapadre wawili walikuwa wakiungamisha watu kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Hakupona hata mmoja. Kati ya Wakristu 12,000 wa Urakami, karibu 8,500 walikufa. Kengele moja ilifukuliwa katika kifusi ikiwa nzima, ikapigwa usiku wa Noeli mwaka ule ule.

Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959, pale pale. Ukiingia, nenda kwenye kikanisa cha pembeni. Pana kichwa cha sanamu ya mbao ya Bikira Maria kilichookotwa katika majivu. Shavu limeungua, macho hayapo, mashimo meusi tu. Watu wa Urakami huja kupiga magoti mbele yake wakiwa na rozari mkononi, na watoto wao pembeni yao.