Mpira Ulionitoa Songwa

Kwetu Songwa, wilayani Kishapu, mtu akifunga begi huulizwa nani amefariki au nani anaoa. Safari ya kwenda kutazama tu, kula na kurudi, ilihesabiwa kuwa mambo ya Wazungu wanaokwenda Serengeti. Mimi ruhusa yangu ilitoka kwenye mpira. Nikisema naenda kwenye mechi, hakuna aliyehoji, hata nikiondoka peke yangu. Kwa ruhusa hiyo nimeuona ukanda wetu, kuanzia almasi za Mwadui hadi dhahabu ya Geita.

Utotoni mpira ulikuwa sauti. Wakubwa walizunguka redio ya betri chini ya mwarobaini, sisi watoto nyuma yao, na Ahmed Jongo wa Redio Tanzania akatupeleka Dar es Salaam tusikokujua. Mpira wa kuona kwa macho ulikuwa kwa majirani zetu, Mwadui. Mkanada John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940, na mji ukajengwa kuuzunguka mgodi, wenye uzio na geti. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Hadithi hiyo tuliijua wote, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kushika almasi. Tulichokitamani ni kupita getini siku ya mechi, tuuone uwanja, nyumba zilizopangwa kwa mistari na miti yenye kivuli. Huo ndio utalii wangu wa kwanza, na ulikuwa wa mwendo wa miguu.

Mambo yaligeuka mwaka 2014. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga na kuitwa Chama la Wana, ilipanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Mwadui nayo ikapanda chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, yule Julio asiyejua kunyamaza. Mkoa uliozoea kuwasikia Simba na Yanga redioni sasa ukawa unawapokea nyumbani, kila mmoja mara mbili kwa msimu.

Siku ya mechi kubwa nilidandia gari la Shinyanga pale Maganzo asubuhi na mapema, kwa sababu kwangu mechi ilianza na supu. Shinyanga wanajua supu ya makongoro: nzito, yenye kunata midomoni, pilipili pembeni na chapati mbili. Ukishaimaliza, unakaa nyuma ya baiskeli ya abiria, kwenye kiti cha sponji, na mwendeshaji anakuzungusha mjini taratibu akikupa utabiri wake wa matokeo bila kuulizwa. Mji ule niliujua kwa mgongo wa baiskeli. Siku hizi bodaboda na bajaji zimechukua abiria wengi, na umbali uleule unaupita bila kuona duka wala kusalimiana na mtu.

Mchana ulikuwa wali. Watu wa Dar es Salaam hulipia mchele wa Shinyanga kwa jina tu. Sisi tuliula palepale, na kuku wa kienyeji aliyechemshwa bila haraka. Mama lishe walianza kupika usiku wa kuamkia mechi, kwa sababu mashabiki walikuja kutoka Kahama, Tabora, Mwanza na Bariadi, na gesti zilijaa. Niliwahi kukaa meza moja na dereva wa lori, mwalimu mstaafu na kijana aliyeuza ng'ombe mnadani jana yake, hatujuani, tukala kama ndugu.

Uwanja wa Kambarage, Shinyanga mjini, ulikuwa na jambo lake la kipekee: nusu ya wenyeji walikuwa mashabiki wa mgeni. Yanga wakija, njano na kijani zilijaa hata kwa watu waliozaliwa mitaa ya karibu na uwanja. Septemba 2016 Pastory Athanas alipoifungia Stand bao pekee dhidi ya Yanga, upande mmoja ulikaa kimya na upande wa watu wa stendi ukalipuka. Oktoba 2019 Gerald Mdamu wa Mwadui akaifunga Simba palepale, moja bila, Simba ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo msimu huo. Nilirudi Songwa usiku ule gari zima likiimba. Nafikiri siku zile mbili zilifanya kitu ambacho miaka ya redio haikukifanya: watoto wa Kishapu waliona kwamba waliovaa jezi za Dar es Salaam wanafungika, na wanafungwa na watu wanaokunywa maji ya hapahapa.

Kisha nikaanza kwenda mbali zaidi. Mwanza nilikwenda kwa ajili ya Toto Africans, CCM Kirumba, nikala sato wa kukaanga mzima, kichwa hadi mkia, nikaliangalia lile jiwe la Bismarck ziwani. Lakini faida kubwa ya Kirumba ilikuwa mzee niliyeketi naye kwenye mzunguko. Aliisikia lafudhi yangu, akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma, akasema: kama unapenda mashindano, njoo Bujora mwezi wa Juni.

Nikaenda. Bujora iko Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na makumbusho yake ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika tamasha la Bulabo. Hapo ndipo nilipowaona Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, tangu enzi za waganga Ngika na Gumha. Vyama hivi hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huhama wanakopendezwa. Kinachovuta umati mkubwa ndicho kinachoshinda. Kwa hiyo kila upande hutafuta la kukushangaza: mtu aliyejivika chatu, wachezaji waliojigeuza fisi, dawa, vichekesho, majembe yanayorushwa hewani. Nilihama pande zote mara kadhaa mchana ule, mkononi nina karanga na viazi vya matobolwa, nikajua kwamba babu zangu walikuwa mashabiki kabla mpira haujafika nchini, na kura yao waliipiga kwa miguu. Mchezo mzuri kuliko huo kwa mtazamaji sijauona.

Geita ikafuata. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikamaliza ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Kutoka kwetu, njia ya lami ilipita Usagara hadi Kigongo, na pale unasubiri kivuko. Kungoja kule wengi walikulaani, mimi nilikupenda. Kina mama walizunguka na sinia za samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na mayai, na ndani ya kivuko mashabiki wa timu zote walibishana hadi Busisi. Ng'ambo, upande wa Sengerema, ni mananasi. Geita kwenyewe nilikula ugali wa udaga na dagaa pamoja na wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi lao, kisha tukaelekea Nyankumbu, uwanja ambao mtazamaji yuko karibu na mstari kiasi cha kusikia kipa anavyowagombeza mabeki wake.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Magufuli, Kigongo–Busisi, lilizinduliwa, kilomita tatu juu ya maji, na sasa unavuka kwa dakika chache. Nimelifurahia, maana wagonjwa walikuwa wanasubiri foleni ileile niliyokuwa nasubiri na mahindi mkononi. Lakini samaki wa Kigongo sasa lazima umfuate kwa makusudi. Basi halisimami.

Na timu zimeshuka. Stand ilishuka mwaka 2019, Mwadui 2021, Geita 2024. Songwa leo kijana anamlipa mwenye kibanda umiza aione Arsenal, na hajawahi kuingia Kambarage, umbali wa nauli ndogo. Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyempeleka. Mimi bado naenda. Ligi ya Championship haina kelele za Yanga na Simba, ila supu ni ileile, unachagua pa kukaa, na wachezaji wanapigania riziki mbele ya macho yako. Msimu wa 2024/25 Stand walifika hadi mchujo wa kupanda, wakatolewa na Fountain Gate.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa njiani kwenda Mwanza na ukasikia Stand wana mchezo jioni, shuka Shinyanga. Kula kwanza, tafuta baiskeli, kata tiketi ya mzunguko. Mabasi ya kwenda Mwanza utayapata kesho asubuhi.