Kona ya Miyaa

Kona za ujifunzaji tumezizoea kwenye madarasa ya awali: hapa vizibo vya kuhesabia, pale vitabu vya picha. Mtoto akipanda madarasa, kona zinatoweka kimyakimya, na wote wanageuzwa kutazama ubaoni. Katika somo la Sanaa na Michezo nimekuwa nikijaribu kuzirudisha, na hadi leo sina hakika kama nawapa watoto uhuru au nimejitafutia tu njia ya kupunguza msongamano mbele ya meza yangu.

Darasani kwangu kuna udongo wa mfinyanzi chini ya gunia bichi. Kuna rangi za maji, na kwa kuwa brashi hazitoshi, wengine huchorea vijiti walivyovitafuna ncha kama mswaki. Kuna mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, yanayogandishwa kwa uji wa muhogo. Halafu kuna kona ya miyaa, ambako watoto wanasuka ukili. Kazi ni moja, hatua ni tofauti: kwenye udongo, mmoja anaminya donge kwa kidole gumba mpaka liwe kibakuli, na jirani yake, ambaye mikono yake imeshazoea, anajenga chungu kwa kamba za udongo alizozizungusha. Kipindi ni dakika 40, na kunawa mikono nako kumo humohumo.

Anayenisumbua kichwa ni binti mmoja asiyetaka kuondoka kwenye miyaa. Bibi yake anasuka mikeka. “Madam, mimi huku huku,” ananiambia kabla sijauliza, na ameshailoweka ili isimvunjikie. Niliwahi kusikia wenzake wakicheka mbuzi aliyemchora, kwa hiyo nilidhani anajificha. Lakini siku moja niliinama nikatazama vidole vyake: alikuwa amepenyeza miyaa miwili ya zambarau, akahesabu kwa midomo, na ule mstari ukaanza kupanda mshazari. Hilo sikumfundisha mimi. Basi anajificha, au anazama ndani zaidi ya wote? Huenda ni yote mawili.

Nikaweka utaratibu kwamba kila mmoja aanze anakopenda, ila mara mojamoja aonje kona anayoikwepa. Zamu yake ya rangi ilipofika alichora mistari minyoofu, akanawa mapema, akarudi kukaa. Sikuona muujiza wowote. Sijui kama utaratibu ule ulimsaidia yeye au ulinituliza mimi.

Hapo ndipo huwa namkumbuka Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi zile zinazong'aa za baiskeli. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, hawakuwa na kona za kuchagua. Walikaa karibu naye, wakatazama, wakaiga chui na ndege walewale. Alipofariki mwaka 1972 kazi iliendelea mikononi mwao, na katika kundi hilo alitoka Simon Mpata, ambaye baadaye alipata jina hadi Japani kwa mkono unaotambulika kuwa wake. Kwa hiyo kuiga hakukumzuia mtu kuwa tofauti. Jambo hili linanitikisa kila ninapojisifu kwamba uchaguzi ndio unaomkuza mtoto. Ila nao walikuwa wachache, na mwalimu alikuwa anachora palepale, wanamwona. Darasa lililojaa watatu watatu kwenye dawati haliwezi kukaa karibu na mtu mmoja. Pengine kona ni njia yetu maskini ya kuurudisha ule ukaribu, na mimi ningepaswa kukaa kwenye mojawapo nikisuka badala ya kuzunguka na daftari la alama.

Alama nazo bado hazijanikalia sawa. Ukili na mchoro wa mbuzi nipime kwa kipimo gani kimoja?

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kujaribu, anza na kona mbili tu na vitu vinavyookotwa hapohapo mtaani. Usizipange kwa wanaojua na wasiojua. Watoto wanalisoma hilo upesi kuliko wanavyosoma ubao. Na binti kama huyu ukimpata, kabla hujamhamisha, kaa naye kipindi kizima umtazame vidole.