Galway: Makaribisho Laki Moja

Waairishi wana msemo wao wa kumpokea mgeni, céad míle fáilte, yaani makaribisho laki moja. Niliukuta umechapwa kwenye vikombe, fulana na sumaku za friji uwanja wa ndege wa Dublin, na nisikufiche, niliguna. Sisi wa vyombo vya habari neno likishaanza kuuzwa kwenye fulana huwa tunalitilia shaka.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Mume wangu anataka kwenda kusoma University of Galway, na mimi nikasema sawa, lakini kwanza tukauone huo mji. Mimi siendi kuishi kwenye picha za mtandaoni. Tukachanga vijisenti, tukaomba viza (na ujue kabisa, viza ya Schengen haikuingizi Ireland, wana ya kwao), tukaenda siku nane.

Kutoka Dublin unapanda treni pale Heuston. Kwa saa mbili na nusu hivi unakivuka kisiwa kutoka mashariki hadi magharibi, majani ya kijani mpaka macho yanachoka, kondoo, kuta za mawe, mvua. Galway ni mji mdogo, wenye watu zaidi ya 80,000 tu, na katikati yake unaimaliza kwa miguu. Anzia bustani ya Eyre Square, alipohutubia Rais Kennedy wa Marekani mwaka 1963, shuka Shop Street kati ya wapiga magita na wachezaji wa mitaani, nenda mpaka Quay Street, halafu utausikia mto kabla hujauona. Corrib una urefu wa kilomita 6 tu kutoka ziwani hadi baharini, lakini unakimbia kama umechelewa kazini. Hapo mtoni pana Spanish Arch, tao la mawe la mwaka 1584, kumbukumbu ya zama ambazo meli za Hispania zilileta mvinyo hapa.

Sasa tuje kwa watu, maana ndio hasa tuliowafuata.

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alimwita mume wangu "mpenzi" mbele yangu, dakika ya kwanza. Nikamtazama. Akanigeukia, na mimi akaniita mpenzi. Baadaye nikagundua kila mtu ni mpenzi: muuza magazeti, mtoto wa jirani, mbwa. Kisha likaja suala la chai. Ukiulizwa kama utakunywa chai ukasema hapana, asante, hujajibu kitu bado. Anauliza tena. Unakataa tena, anasema hata nusu kikombe? Mara ya tatu ndipo inahesabika kuwa jibu. Basi sisi tuliolelewa kwa "karibu chakula" na "asante nimeshiba" huku tumbo linanguruma, tulijiona tuko nyumbani. Wageni wa Kijerumani waliokuwa meza ya pili walisema hapana mara moja, wakaaminiwa, hawakupata hata keki. Hapana, natania. Walipata.

Baa zao ndizo sebule za mji. Usiogope kama hunywi. Agiza soda au chai, hakuna atakayekushangaa. Tena hutoki unanuka sigara, kwa sababu Ireland ndiyo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, tangu Machi 2004. Tuliingia Tigh Coili jioni moja tukakuta wanamuziki wamekaa kona, hawana jukwaa wala kipaza sauti: fidla, filimbi, na bodhrán, ngoma bapa iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Mume wangu, ambaye nyumbani hasalimii hata majirani wa ghorofa ya chini, alijikuta anamweleza mzee mmoja jinsi ngoma zetu zinavyoota moto kabla ya kupigwa. Mzee akatununulia vinywaji. Hapo kuna sheria isiyoandikwa: ukinunuliwa, zamu yako inakuja, na kuondoka kabla ya zamu yako ni aibu. Kwa hiyo panga bajeti yako vizuri, wapenzi, maana meza ya watu sita ni raundi sita.

Kwa wachumba na wanandoa, kuna Claddagh. Zamani ilikuwa kijiji cha wavuvi ng'ambo ya mto, na imeipa dunia pete yenye mikono miwili iliyoshika moyo wenye taji: urafiki, mapenzi, uaminifu. Inasimuliwa kwamba aliyeibuni ni Richard Joyce, kijana wa Galway aliyetekwa na maharamia akauzwa Algiers kwa sonara, akajifunza ufundi utumwani, kisha akaachiwa mwaka 1689 na kurudi kwao. Pete hii inasema, kama kanga. Ukiivaa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikitazama nje, uko peke yako. Ikitazama ndani, una mtu. Mkono wa kushoto ni wa wachumba na waliofunga ndoa. Muuza duka alitueleza yote haya kwa nusu saa, na hakutuuliza hata mara moja kama tunanunua.

Lakini mtalii na mkazi si mtu mmoja. Siku ya tano tulimtembelea dada mmoja Mkongomani anayefanya kazi ya kutunza wazee. Nikamuuliza moja kwa moja, tabasamu hili ni la kweli? Akacheka. "Mdogo wangu, ni la kweli. Watakusalimia, watakubebea mizigo, watakuongelesha mvua mpaka uchoke. Nimekaa hapa miaka minane. Nyumba nilizoalikwa kula nazihesabu kwa vidole, na mkono mmoja unatosha." Kisha akatuambia kuhusu kodi ya nyumba, na mume wangu akaweka kijiko chini.

Na kuna mambo ambayo vipeperushi vya utalii havikuambii. Novemba 23, 2023 kulitokea ghasia kubwa Dublin dhidi ya wahamiaji. Mwezi uliofuata hoteli moja iliyokuwa imefungwa huko Rosscahill, mwendo mfupi wa gari kutoka Galway, iliungua ikiwa inasubiri kupokea waomba hifadhi, na polisi waliuchunguza moto ule kama wa makusudi. Nchi hiyohiyo imepokea zaidi ya Waukraini 100,000 tangu 2022. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kukuchagulia moja.

Mama wa nyumba ya wageni nilipomgusia Rosscahill alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akasema ni aibu tupu. Akasema babu zake na ndugu zake nusu walikwenda Marekani wakapokewa na watu wasiowajua. Hakuwa anatia chumvi: njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Kisha akaniuliza kama mume wangu ataletwa na koti zito, kwa sababu Januari hapa si mchezo.

Jioni ya mwisho tulitembea Salthill, barabara ya pwani. Upepo unakupiga makofi, na wazee kwa vijana wanaogelea katika maji ambayo mimi nisingetia hata kidole. Mwisho wa njia, karibu na mnara wa kurukia majini wa Blackrock, kila mtu anaupiga ukuta teke ndipo anageuka kurudi. Niliuliza watu watatu kwa nini, nikapewa sababu tatu, ya tatu ikanichukua dakika ishirini na anwani ya binamu yake huko Cork. Tukaupiga na sisi.

Fomu ya chuo imeshatumwa. Pete tulinunua mbili. Yangu iko kushoto, moyo ukitazama ndani. Yeye ya kwake ameiweka kabatini, anasema ataivaa viza ikitoka.