Kamba Ndani ya Silinda

Ukitaka kujua kama gari inakula oili kupitia sili za valvu au kupitia ringi za pistoni, iangalie ikiwashwa asubuhi. Usiku kucha, oili iliyobaki juu ya hedi huteremka polepole kando ya shina la valvu. Sili ikiwa imekauka, oili inapenya hadi ndani. Ukipiga stata, moshi wa samawati unatoka pwaa, halafu baada ya dakika moja mbili kumetulia. Ringi zikiisha, moshi haukuachi hivyo. Utakufuata kila ukipanda mlima.

Corolla 110 ya mjomba wangu ilikuwa na ule moshi wa asubuhi. Ni teksi, na ilikuwa bado na mkopo. Gereji ya kwanza walimwambia hedi lazima itoke: shilingi 35,000, siku tatu. Siku tatu bila gari, na mkopo haujui kwamba gari iko gereji.

Kutoa hedi si mchezo. Gasketi iliyo chini yake inatenganisha moto, maji na oili, vitu vitatu ambavyo havifai kukutana. Ikishabanwa imeshachukua umbo lake. Ukilegeza hedi, lazima uweke mpya. Halafu hedi ipimwe kama imepinda, na ikiwa imepinda ipelekwe kusuguliwa. Unaingia kubadilisha vipira vya bei ndogo, unatoka umenunua nusu injini.

Fundi wa Grogan aliifungua boneti, akasikiliza, akasema, "Hedi inakaa pale pale, mzee. Sisi tunashughulika na ghorofa ya juu tu."

Hiyo Corolla ina injini ya 5A-FE: silinda 4, valvu 16, kamshafti mbili. Bolti zinazoshika kamshafti ni tofauti na zile 10 zinazoshika hedi. Unaweza kuvua mitambo yote ya valvu na hedi isijue kama kuna mtu alipita. Si kila injini inakubali. Fundi alinieleza kuhusu Morris Minor za zamani, ambazo baadhi ya nati zinazoshika roka ndizo hizo hizo zinazobana hedi. Pale ukizigusa, umeshaigusa gasketi, upende usipende. Kwa hivyo kabla ya spana, jua kila bolti inashika nini.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Alitoa kifuniko, akatia alama kwenye mkanda, akaifunga gia yenye springi kwa bolti ya milimita 6 isije ikajizungusha. Bolti za kamshafti alizilegeza kidogo kidogo, raundi baada ya raundi, kwa sababu springi zinasukuma kutoka chini na kamshafti ikiinuka upande mmoja inaweza kuvunjika. Kila kilichotoka kiliingia kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio wake. Hakumwaga hata tone la maji ya rejeta.

Hapo ndipo hatari ilipo. Valvu inaning'inia kwa springi yake, nayo springi inashikwa na vibana viwili vidogo kama punje za mahindi. Ukivitoa, hakuna kinachoizuia valvu kuanguka ndani ya silinda. Ikianguka, hedi itatoka tu, na mjomba atarudi kwenye ile bei ya kwanza.

Wenye kompresa huijaza silinda hewa kupitia tundu la plagi, na ile hewa inaishikilia valvu juu. Huyu alikuwa na kamba laini ya pamba. Pistoni ikiwa chini, aliiingiza kamba kupitia tundu la plagi, futi kwa futi, akaacha mkia nje. Halafu akazungusha kranki kwa mkono, taratibu, hadi ikagoma. Kamba ilikuwa imebanwa kati ya pistoni na valvu. Aliziba matundu ya oili kwa vitambaa, akakandamiza springi, akachomoa vibana kwa sumaku. Valvu haikwenda popote. Sili kuukuu ilitoka ngumu kama ganda la korosho.

Mara 16. Sikumsemesha.

Alipomaliza kurudisha kila kitu, alizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata. Ikawaka. Akasema 9,000 za kazi, mbali na vipuri.

"Elfu tisa," mjomba akasema, "na hata hedi hukugusa?"

"Ndiyo hiyo unalipia, mzee."

Mjomba alicheka, lakini mkono haukwenda mfukoni. Mimi nalipwa kwa neno, kwa hivyo nilimwelewa fundi haraka. Aya niliyoifuta hainipi kitu, hata kama kuifuta ndiko kulikomeza mchana wangu. Tumezoea kulipia kinachoonekana: vyuma vimetandazwa chini, mikono myeusi hadi viwiko, risiti ndefu. Mtu aliyejua mahali pa kusimama tunamwona kama hakufanya kazi.

"Mjomba," nikamwambia, "ile gereji nyingine ungekuwa siku ya kwanza."

Akahesabu noti. Saa moja jioni alikuwa ameshapata abiria wa Embakasi.