Mteremko wa Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na njia karibu yote ni mpando. Basi hukwea likinguruma, mlima upande huu na bonde upande ule, mpaka baridi ya Usambara iingie madirishani. Mimi na mke wangu tulikusudia kurudi Mombo kwa baiskeli.

"Kaka, umewahi kuteremka mlima?" aliuliza kijana mkodishaji.

Nilimjibu kwamba naendesha tangu utotoni. Akatabasamu. Dar es Salaam, alisema, ni tambarare.

Nilikuwa nimeichagua ile yenye springi mbele na nyuma, kwa kuwa ilipendeza. Akanikataza. Springi za nyuma humficha mwendeshaji mashimo na mawe. Asiyezoea hudhani anakwenda polepole, kumbe kasi imekwisha kumshinda. Hiyo ni ya wazoefu. Anayejifunza na achukue yenye springi mbele tu, tairi pana, gia nyepesi, na fremu ambayo akiipanulia miguu, nyayo zote mbili zagusa ardhi. Breki zikaguliwe kwanza, na njiani zishikwe zote mbili, kidogo kidogo, zisije zikachemka.

Nakiri nilinuna, nani apendaye kuitwa mwanafunzi mbele ya mkewe?

Kabla ya Soni, penye kona yenye changarawe, gurudumu la nyuma liliteleza. Nilishusha miguu yote miwili, nikasimama hatua chache kutoka ukingoni. Mke wangu, aliyekuja taratibu tangu juu, alinikuta nimeketi kando ya barabara.

"Tungoje basi?" akauliza.

Nikamwambia twende, ila yeye atangulie.