Mti Mwembamba wa Uani

Kiwanja chetu ni cha futi 50 kwa 100, kama viwanja vingi vinavyouzwa pembezoni mwa Kampala, na nyumba ilipokwisha kusimama, uani pakabaki ukanda mdogo tu. Hapo ndipo mke wangu alipotaka mti. Hakutaka mti wa matunda wala wa kivuli, alitaka pazia.

Ndugu msomaji uliyewahi kuishi katika kambi za polisi utamwelewa upesi. Miaka mingi tulilala katika vibanda vya mviringo vya mabati, bafu likiwa la wote, na nguo zikianikwa mbele ya macho ya kambi nzima. Sasa jirani wetu wa nyuma, mtu mwema asiye na hila, amejenga ghorofa, na madirisha yake manne yanatazama jiko letu na bafu letu. "Baba Akello," aliniambia mwenzangu, "kambini nilivumilia kwa kuwa palikuwa pa serikali. Hapa ni petu."

Mimi moyo wangu ulikuwa katika mwembe, kwani mstaafu hupenda mahali pa kuketi na wenzake. Lakini mwembe ungeumeza uani wote. Mkaratusi sikuuwaza, maana hunywa maji mengi mno. Mgrivea, mti wa Australia uliozoeleka katika mashamba ya chai na kahawa, hukua upesi na kwa wima, ila matawi yake huvunjwa na upepo, na majani yake huziba mifereji ya paa. Ukabaki mwashoki.

Mti huu asili yake ni India ya kusini na Sri Lanka. Majani yake marefu huning'inia, yakaufunika mwili wote tangu kileleni hadi karibu na ardhi, nao hubaki kijani mwaka mzima. Jina lenyewe ni la kuazima, kwa kuwa ashoka halisi wa Wahindi ni mti mwingine kabisa. Lililo muhimu zaidi kwa mnunuzi ni kwamba kuna mwashoki mwembamba na mwashoki unaotanua matawi. Usinunue mche kabla ya kuuliza ulitoka kwa mti wa namna gani; ikiwezekana, uone mti huo kwa macho yako.

Wazungu nao wanalijua jambo hili. Mwaloni, ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kwa habari za Ibrahimu huko Mamre, kwa kawaida ni mti mpana. Lakini karibu na kijiji cha Harreshausen, Ujerumani, upo mwaloni mkongwe uliosimama wima kama mkuki. Kwa kuwa mbegu si za kutegemewa kuzaa umbo lile lile, watunza bustani walikata vijiti vyake wakavipandikiza juu ya mashina ya mialoni mingine, na kwa njia hiyo umbo lake likaenea katika bustani za Ulaya.

Mwashoki una hasara zake. Popo na ndege hupenda matunda yake, na mwenye kuanika nguo ajihadhari. Tena adhuhuri kivuli chake hakitoshi hata kiti kimoja. Nilipomweleza mama watoto hilo la kivuli, alijibu kwa upole, "Wewe una baraza la mbele. Mimi nina uani tu." Sikuwa na la kuongeza.

Kabla ya kupanda nilikwenda kwa jirani, asije akasikia kwa watu kwamba miti ile imepandwa kwa ajili ya macho yake. Alicheka, akasema mke wake naye amechoka na moshi wetu.

Mwezi wa Machi, mvua ilipoishika ardhi, tulipanda miche 6, mita moja na nusu kati ya mche na mche, mbali kidogo na ukuta. Sasa imefika kiunoni. Mpaka itakapopita madirisha tumefunga mikeka ya matete juu ya nguzo, na kiti changu nimekihamishia barazani.